Poste ya Kolwezi: fasi umeme wa Inga unashukia

Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana wa harakati yetu, ku Lubumbashi. Tumeyaandika sawa vile yalisemwa, tukipunguza tu fasi zenye msemaji alirudilia.

Najua wengine wametoka Ruashi kwa mguu, juu transporti imepanda tena.

Leo sitasema sana juu ya Inga. Kila mtu anasema juu ya Inga. Ku kampeni ya uchaguzi wanasema Inga, ku televizyo wanasema Inga, hata ku kanisa pasta akitaka kuonyesha utajiri wa inchi anasema Inga. Mimi nataka tuzungumze kitu chenye hakuna mtu anakipigia makofi: poste. Ile fasi yenye ukuta mrefu, waya za miiba juu, transfo kubwa kubwa zinanguruma ndani, na kibao chenye kichwa cha maiti ku mlango. Munapita pembeni yake kila siku.

Nitawaambia kwa nini. Ku mkutano wa mwezi uliopita kijana mmoja aliniuliza: “Yaya, laini ya Inga inafika mpaka Kolwezi. Kolwezi si mbali. Sasa kwetu giza inatoka wapi?” Nilimjibu haraka: “Ni rushwa.” Mulipiga makofi sana. Lakini usiku, nikiwa na kandili yangu, nilisikia haya. Si kusema rushwa haiko. Ila mimi mwenyewe sikujua umeme unapita wapi, nani anaupokea, nani anaugawanya. Nilitoa neno la kupendeza pa nafasi ya jibu. Basi nikaenda kusoma na kuuliza watu wa kazi hiyo. Haya nitasema leo njo jibu lenye nilikuwa na deni nayo.

Tuanze na kitu rahisi. Mama anauza bunga ku soko. Kamyo inatoka mbali na magunia. Ile kamyo haisimami ku kila nyumba kupima meka moja moja. Inafika ku depo. Pale depo magunia yanashuka, yanahesabiwa, yanagawanywa, halafu mama anachukua lake na kwenda kupima meka. Umeme ni vile vile. Laini kubwa ni kamyo. Poste ni depo. Na kabini ya kartye yenu njo meza ya mama mwenye meka.

Kwa nini magunia makubwa vile? Juu umeme ukisafiri unapoteza nguvu njiani, waya inapata moto. Ukipandisha volti mara mbili, kurani inayopita ndani ya waya inakuwa nusu, na nguvu inayopotea inakuwa robo. Njo maana wanapandisha volti sana kwa kusafirisha, na wanazishusha tukikaribia nyumba. Bila transfo ya kupandisha na transfo ya kushusha, umeme wa mbali haungefika. Poste inafanya ile kazi. Tena iko na disjonkteri, sawa na ile ya nyumbani lakini kubwa kama mtu ao kumpita, zenye zinakata laini kwa sehemu ya sekonde kama radi imepiga ao mti umeanguka ku waya. Na iko na vyumba vyenye watu wanaketi mchana na usiku wakiangalia namba. Muwakumbuke hawa watu, nitawarudilia.

Sasa tuende Kolwezi.

Inga 1 ilianza kazi mwaka 1972, megawati 351. Inga 2 ilifuata mwaka 1982, megawati 1,424. Mwaka ule ule wa 1982 laini ya Inga-Shaba ikaanza kazi: kilometa karibu 1,700 kutoka mto Kongo mpaka Kolwezi. Wakati ule ilikuwa laini ndefu kuliko zote duniani za aina yake, na ilikaa na sifa hiyo karibu miaka 30. Ilijengwa kupitisha megawati 560, kwa madini ya Katanga, yenye wakati ule iliitwa Shaba.

Wazee wetu wanajua vingine. Katanga ilijitenga mwaka 1960. Vita ya Shaba ilikuja mwaka 1977, halafu tena 1978, ndani ya Kolwezi yenyewe, na watu waliokuwa wanajenga laini wakahamishwa kwa haraka. Huku Katanga mabwawa yalikuwa yapo tayari: Mwadingusha ya mwaka 1930, Koni, Nzilo, Nseke. Basi watu wengi wamesema, na mimi nakubali, kwamba ile laini haikuwa tu ya umeme. Ilikuwa kamba. Mwenye kushika swichi kule Inga anashika shingo ya migodi huku. Deni yake tulilipa wote, hata yule wa Kasai mwenye alikuwa anaona pilone zinapita juu ya shamba lake na yeye anawasha petroli.

Na hapa kuna kitu chenye kilinishangaza mimi mwenyewe. Kila siku tunasema: “Laini inapita juu ya vijiji na vijiji havina hata ampuli moja, ni ubaya wa moyo.” Ubaya wa moyo uko, lakini si ule tunafikiri. Umeme wa nyumbani unageuka-geuka mara 50 kwa sekonde, na transfo inafanya kazi tu na umeme wa kugeuka vile. Laini ya Inga-Kolwezi haigeuki. Ni umeme ulionyooka, sawa na ule wa batri, lakini wa volti 500,000 upande mmoja na 500,000 upande mwingine. Kwa umbali mrefu vile inapoteza kidogo zaidi. Lakini huwezi kuweka transfo ya kawaida njiani ukachota kidogo kwa kijiji. Transfo haiusikii. Ili uchote, unahitaji kujenga poste nzima ya kugeuza, yenye bei ya kutisha. Walijenga mbili tu: moja Inga ya kunyoosha umeme, na moja Kolwezi ya kuugeuza tena. Katikati, hakuna mlango.

Kwa hiyo uamuzi wa kuacha vijiji vile gizani haukufanywa na fundi mmoja mbaya. Ulifanywa siku walichagua aina ya laini na hesabu ya poste. Siku ile ku meza hakukuwa mtu wa kijiji. Mnaona kwa nini nasema tuangalie poste? Pesa ya laini inaonyesha umeme unaenda wapi. Hesabu ya poste inaonyesha umeme ni wa nani.

Kitu kingine cha ile poste ya Kolwezi. Mashini zake za kugeuza umeme, za zamani zile, haziwezi kuamsha muji wenye umelala. Zinahitaji kukuta umeme mwingine uko hai tayari upande wa Katanga, zisikilize mwendo wake, ndipo zinaingiza wa Inga. Maana yake: Inga na ukubwa wake wote inahitaji Nseke, Nzilo na vindugu vyao vya zamani vimshike mkono ndipo iingie. Ikiwa Katanga nzima imezimika, Inga pekee yake haitatuamsha. Mimi nilicheka niliposikia hiyo, juu sisi huku tulifundishwa kwamba bila Inga hatuna kitu.

Kutoka Kolwezi, umeme unashuka ku volti 220,000 na kuja Likasi, kuja Lubumbashi, na kuvuka mpaka kwenda Zambia. Poste hizi si za Katanga tu. Tuko ndani ya muungano wa umeme wa Afrika ya kusini, wenye ulianza mwaka 1995, na waya inashikamana kutoka huku kupitia Zambia, Zimbabwe, mpaka Afrika Kusini. Lakini ndoa yetu na Zambia ni ya zamani kupita hapo. Mwaka 1956, kabla ya uhuru, bwawa la Kariba halijaanza kuzaa umeme, Nseke (Wabeleji waliiita Le Marinel) ilituma umeme ku migodi ya shaba ya ng'ambo. Sisi njo tulikuwa wauzaji. Leo migodi ya huku inanunua umeme kupitia mpaka ule ule.

Na ukinunua kwa jirani, njaa ya jirani inakufikia. Mwaka 2024 mvua ilikosa Zambia, mayi ya Kariba ikashuka, serikali yao ikatangaza janga la taifa. Watu wa Lusaka na Kitwe walikaa masaa mengi bila umeme. Jirani akiwa vile, hana cha kukuuzia, na mgodi wenye ulikuwa unanunua kwake unarudi kutafuta ku laini yetu. Kwa hiyo mama wa Katuba anaweza kupika na makala juu mvua haikunyesha ku bonde la Zambezi. Hiyo njo maana ya kushikamana.

Sasa turudi kwa wale watu wa chumba, wenye wanaangalia namba. Ile hesabu ya mara 50 kwa sekonde, lazima ikae pale pale. Watu wakitaka umeme kuliko wenye unazaliwa, namba inashuka: 49 na nusu, 49... Ikiendelea kushuka, mashini zinajikata zenyewe kwa kujilinda, moja baada ya nyingine, na mwisho kila kitu kinazimika, kuanzia migodi mpaka hospitali. Basi mtu wa chumba, ao mashini yenye wamempangia, anakata laini moja ili zingine zibakie. Hiyo njo delestaje.

Nataka tukubali jambo hili hata kama ni chungu: yule anayekata si kila mara adui. Saa ile namba inashuka, asipokata anatuua wote. Wengine kati yetu wamewahi kutukana na hata kurusha mawe ku magari ya ma ajenti. Tulikosea. Yule ajenti naye anaishi Kenya ao Kampemba, na kwake pia kunakatika.

Swali letu si kwa nini wanakata. Ni: wanakata nani wa kwanza? Juu kuna orodha. Ku kila poste kunatoka laini nyingi, kila moja inaenda fasi yake, na mtu mmoja fasi fulani ameandika ipi inakatwa mbele na ipi inakatwa nyuma. Mgodi uko na kontra. Ndani ya kontra kumeandikwa megawati, bei, na kinachotokea wakikatwa. Tena kampuni za madini zimetoa pesa nyingi za kurekebisha mashini na mabwawa: Mwadingusha ilirudi kazini mwaka 2021 na mashini mpya kwa pesa ya namna hiyo. Sisemi ni vibaya. Bila ile pesa lile bwawa lingekuwa makumbusho. Lakini mwenye kutoa pesa anadai umeme wake, na iko ku karatasi. Wewe na mimi tuko na nini ku karatasi? Faktire ya mwisho wa mwezi.

Hapana, tuko na kingine. Sheria ya msingi ya inchi, kifungu cha 48: haki ya kupata mayi safi na umeme inahakikishwa. Kifungu cha 24: kila mtu ana haki ya kupata habari. Na kuna sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 juu ya umeme, yenye ilifungua mlango kwa wazalishaji wengine na kuweka mamlaka ya kusimamia sekta hii. Wengi hapa walisikia leo mara ya kwanza kwamba mamlaka ile iko. Na mimi nilikuwa sijui. Tumepiga kelele mbele ya biro zote za muji isipokuwa ile yenye sheria iliweka kwa kazi ile.

Niseme kidogo juu ya kwetu, ili musifikiri nimesoma vitabu tu. Mwaka jana dada yangu alizaa mtoto usiku ku maternite moja ya hapa. Umeme ulikatika, groupe ilikuwa bila mazutu. Mkunga alifanya kazi na torshi za telefone, mbili, moja yangu na moja ya mlinzi. Mtoto ni mzima, anaitwa jina la yule mlinzi. Lakini mimi nilikaa kule kolido nikiangalia batri yangu inashuka: 30, 22, 15. Asubuhi nikapanda juu ya etaji na nikaona taa za mgodi mmoja mbali zinawaka kabisa, kama muji wa Wazungu. Umeme ulikuwapo. Ile laini ya maternite njo ilikuwa juu ya orodha.

Kama kuna laini moja yenye hospitali na pompi ya mayi, na nyingine yenye baa na nyumba za wakubwa, ni nani aliamua ya kwanza ikatwe mbele? Labda hakuna aliyeamua. Labda orodha iliandikwa miaka 20 iliyopita, wakati maternite haikuwapo. Hiyo inawezekana sana. Lakini orodha yenye hakuna anaiona haitasahihishwa.

Halafu kuna makosa yetu. Musinikasirikie. Pilone za laini kubwa ziko na vyuma vya pembeni, na vyuma vile vinaibiwa. Munajua vinaenda wapi? Vinakuwa madirisha, milango, mbabula. Kuna mtu hapa labda anapika juu ya mbabula yenye ilikuwa mguu wa Inga. Pilone moja ikianguka, upande mmoja wa laini unakufa, na ile megawati haifiki Kolwezi, na saa ile namba inashuka, na nani anakatwa? Si mgodi wenye kontra. Ni mwenye mbabula. Vile vile ku kabini: transfo ya nyumba 80 tunaifunga nyumba 300, kila mtu na waya yake ya usiku, na siku inaungua tunaanza kuchanga dola. Ku avenyi yetu tulichanga miezi 7. Makala imepanda vipi ndani ya miezi ile 7 munajua, na misitu ya upande wa Kasenga na Kipushi inajua zaidi.

Najua wengine watasema: sasa Inga 3 inakuja, tungoje. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2016, halafu imerudi na pesa mwaka 2025. Vizuri. Mimi sipingi bwawa. Ila wakija kutuonyesha picha ya bwawa, tuwaulize picha ya poste. Laini yake itapita wapi, na itafungua milango mingapi? Poste ngapi ni za miji na vijiji, na ngapi ni za migodi na za kuuza inje? Wakijibu hilo, tutajua yote mengine. Bwawa lenye laini moja na milango miwili tulishalijenga, mwaka 1982.

Basi tutafanya nini. Hatutaenda ku poste. Nasema tena kwa wale wenye damu moto: mtu asiruke ukuta, asipige picha mlangoni, asiweke kizuizi pale. Ni fasi ya kufa, na ni fasi yenye watakufunga wakisema ulitaka kuharibu mali ya taifa, na hapo watakuwa na sababu. Tutaandika barua mbili, moja kwa shirika la umeme la mkoa, moja kwa mamlaka ya kusimamia, tukiomba orodha ya laini za muji na mpango wa kukata, utangazwe ku redio na kubandikwa ku kila komini. Na tutaomba hospitali, maternite na pompi za mayi zitolewe ku laini zinazokatwa mbele. Hilo la pili linahitaji waya na kazi, halitafanyika kesho. La kwanza linahitaji karatasi na gundi.

Lakini barua bila hesabu inatupwa. Njo maana kila mmoja atachukua bloknoti. Unaandika tarehe, avenyi, saa umeme umeenda, saa umerudi. Siku 30. Usiandike “kila siku wanakata”. Andika 18:40, andika 23:15. Kama uliona kartye ya ng'ambo ya barabara inawaka wakati kwenu giza, andika pia, juu hapo tunajua nyumba zipi ziko ku laini moja. Mtu wa Katuba asiandike ya Kamalondo kwa kusikia. Tukiweka bloknoti 200 pamoja, tutaichora ile orodha sisi wenyewe kabla hawajatupatia, na siku wanatupatia tutajua kama ni ya kweli.

Bloknoti ziko pale ku meza ya nyuma, karibu na mlango. Zinatosha kwa 120. Wengine watumie ma kayé ya watoto. Bike kila mtu atajinunulia. Tunarudi hapa jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao saa nane, na wenye walikosa siku moja wasiogope kuja: waache tu ule mstari mweupe, wasijaze kwa kubahatisha.